Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya



Wengi wenu hapa pwani mna vijana wenu walioko Nairobi, katika viwanda vya Industrial Area, nao hukaa Makongeni, Kaloleni na mitaa mingine ya Eastlands iliyo jirani na viwanda hivyo. Mmoja wa wenzetu wa darsa alikwenda kumzuru nduguye huko, akakuta nyumba ya pili imo katika mtihani. Jirani yule, mtu wa Nyanza afanyaye kazi kiwandani, alikuwa na mtoto wa miaka sita aliyevimba taya la kushoto. Mambo yalianza kama jino bovu. Baada ya siku chache meno matatu yakalegea, na jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Wako waliosema jino ling'olewe, na wako waliosema ni kijicho cha watu, mtoto afungwe hirizi. Baba yake hakuyasikiliza hayo wala haya. Alimbeba mwanawe, akampeleka hospitali.

Lililomshangaza mwenzetu ni kwamba daktari hakuanza kwa kuuliza mtoto amekula nini, wala ameangukia nini. Alitaka kwanza kujua mtoto amezaliwa wapi, na kabla ya kuletwa Nairobi alikuwa akikaa wapi. Baba alijibu kwamba mtoto amekulia kwa bibi yake kando ya Ziwa Viktoria, na Makongeni ana mwaka mmoja tu. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeyatazamia majibu yale.

Aliporejea pwani, mwenzetu alituuliza mbele ya darsa swali lile lina maana gani. Hatukuwa na jibu. Tukawajibika kutafuta, na kutafuta kwetu kukatufikisha kwenye maisha ya tabibu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka thelathini iliyopita, ambaye maradhi yale yaitwa kwa jina lake. Hakuwa mtu wa dini yetu, wala hakuzaliwa katika nchi zetu. Lakini kazi yake aliifanya hapa hapa Afrika ya Mashariki, na watoto waliomfunza walikuwa watoto wa huku.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege. Alikuwa akiwavisha pete miguuni ndege wadogo wa bustanini mwake apate kumtambua kila mmoja, kisha akachora katika ramani mpaka wa kila ndege: wapi huimba, na wapi hathubutu kwenda. Wenye elimu ya ndege wamtaja hata leo kwa kazi hiyo. Twamwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana mwana wa mtu huyu alikuja kuyafanyia maradhi vile vile baba yake alivyowafanyia ndege.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, watoto walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampata. Akapoteza jicho moja. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusoma uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda akauacha akashika utabibu, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji huko Edinburgh. Alikuwa Mkristo mwenye kuishika sana dini yake, naye aliona kwamba mahali pake pa kutumikia watu ni Afrika. Akaomba kazi ya udaktari katika serikali ya makoloni, wakamkataa kwa sababu ya lile jicho. Walidhani mpasuaji wa jicho moja hawezi kazi. Basi akaingia jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akahudumu Kenya, Somalia na Ceylon, na mwaka 1943 akamwoa Bibi Olive Rogers. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mara hii wakamkubali. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Na hapa wasomaji wetu wa pwani watatabasamu kidogo, kwani maradhi yaliyomfungua macho bwana huyu ni maradhi tunayoyajua sisi sana, nayo ni mabusha. Alikuwa akiwapasua wanaume wengi wenye mabusha, akatambua kwamba karibu wote watoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi ni wachache mno. Wilaya ni moja, watu ni wale wale, chakula ni kile kile. Daktari mwingine angepasua tu akaendelea. Yeye alihesabu, akaandika mahali alipotoka kila mgonjwa, na khabari hiyo akaichapisha mwaka 1951 akiihusisha na wale minyoo wadogo wanaoletwa na mbu. Tangu hapo ikawa ni tabia yake: kila maradhi akiyaulizia yako wapi, na zaidi ya hayo, wapi hayako.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, Daktari Hugh Trowell alimwita katika wadi ya watoto amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe katika pande zote nne za taya zake, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa hajapata kuona mfano wake. Jipu haliji pande nne kwa pamoja. Na saratani alizozisoma yeye vitabuni huanza mahali pamoja, kisha zikaenea. Akampiga picha mtoto yule, na asijue la kufanya.

Hazikupita wiki nyingi, akawa yuko hospitali ya Jinja. Akatupa jicho dirishani, akamwona mwanamke ameketi majanini na mtoto, na uso wa mtoto umevimba vile vile. Akatoka nje. Alipompima akakuta si taya tu. Na tumboni pia mna uvimbe. Sisi twaona kwamba hapa ndipo mahali pa kusimama katika taarikhi ya mtu huyu. Mgonjwa mmoja wa ajabu kila daktari amepata kumwona, akamsimulia wenzake, akamsahau. Wa pili ndiye amfanyaye mtu aulize. Burkitt alirudi Kampala akafukua madaftari ya hospitali, akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwako siku zote, na wengi wao walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini au mahali pengine. Waliandikwa kwa majina mbali mbali na kila daktari alitazama kiungo chake peke yake: huyu wa meno, huyu wa macho, huyu wa tumbo. Hakuna aliyewaweka pamoja.

Mwaka 1958 akaandika khabari hizo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Insafu yatutaka tuseme kwamba alikosea katika jina. Aliuita uvimbe ule sarkoma, yaani saratani ya nyama. Wapimaji wa maiti na vipande vya nyama pale pale Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, walikuwa wakihesabu saratani za watoto kwa njia yao nyingine, na O'Conor ndiye aliyebainisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za damu zile zinazoulinda mwili. Burkitt alikubali. Wala yeye hakuwa wa kwanza kuuona: Sir Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha katika karatasi zake michoro ya watoto wenye taya kama zile, miaka mingi kabla Burkitt hajafika Uganda.

Sasa akaanza kuuliza maradhi haya yako wapi. Serikali ilimpa pauni 25 za utafiti. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi elfu moja zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Kila jibu lililorudi alilitia katika ramani iliyotundikwa ukutani kwake. Ukaonekana mkanda mpana ukikata Afrika katikati, kiasi cha nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini ya Ikweta, na mkia ukiteremka upande wa mashariki kufuata pwani ya Msumbiji.

Majibu ya posta hayakumtosha. Alitaka kujua mwisho wa mkanda ule hasa uko wapi, na kwa nini. Mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva katika West Nile, na Cliff Nelson. Walikwenda kwa gari la Ford la mwaka 1954 lililokwisha tumika, ambalo lilinunuliwa kwa pauni 250. Kwa muda wa wiki kumi walikwenda maili 10,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika na Nyasaland hata kusini, wakiingia hospitali zaidi ya hamsini. Hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walikuwa na picha, na swali. Wakifika hospitali wakiwaonyesha madaktari na wauguzi picha zile, na mtu hakosei akiona. Ama huwajua watoto wale mara moja, ama hajapata kuwaona kabisa.

Waliporudi, ramani ilikuwa imepata mpaka. Karibu na Ikweta uvimbe ulikoma mahali nchi ipandapo kupita futi 5,000. Kusini zaidi ulikoma futi 3,000, na kusini kabisa futi 1,000. Burkitt alidhani ni jambo la urefu wa nchi. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipoitazama ramani ile alimfahamisha kwamba si urefu, ni baridi. Uvimbe haupatikani mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 15 na nusu za Selsiasi, wala mahali pakavu ambapo mvua ya mwaka haifiki inchi 20. Na joto pamoja na mvua, ndugu zetu, ni makao ya mbu.

Msomaji na afungue ramani ya reli yetu. Nairobi imekaa juu ya futi 5,000, na mitaa ya Eastlands nayo iko juu ya mpaka ule. Lakini ncha zote mbili za reli, Mombasa huku na Kisumu kule, ziko chini yake. Watu wa Industrial Area ni watu wa ncha hizo mbili na wa nchi zilizo baina yake. Baba huishi juu ya mpaka, na mtoto huenda akalelewa chini yake. Ndiyo maana daktari wa yule mtoto wa Makongeni alitaka kujua amekulia wapi. Alikuwa akiisoma ramani ya Burkitt.

Na visiwa vyetu? Hilo nalo Burkitt alilitaja katika maandishi yake: Unguja na Pemba kuna joto, mvua na unyevu, na juu ya hayo uvimbe ule haukuonekana kama ulivyoonekana bara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hata mwaka 1968 nyumba za visiwani zilikuwa zikipulizwa dawa ya DDT, malaria ikapungua mno. Penye joto na mvua lakini malaria imeshikwa, na uvimbe umeshikwa. Hii ilikuwa hoja kubwa, ingawa miaka ya mwanzo haikuwafahamikia wote.

Yatupasa tueleze wapi walikosea. Burkitt na wenzake waliona mkanda wa mbu, wakadhani mbu ndiye achukuaye kirusi kinacholeta saratani, kama achukuavyo homa ya manjano. Kirusi kilikuwako kweli, lakini hakikuja kwa njia ya mbu. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa khutuba katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwako mtafiti kijana, Anthony Epstein. Kabla hawajaachana walipatana kwamba vipande vya uvimbe vitapelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivitazama katika hadubini ya elektroni asione kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu London ikaelekezwa Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, kama maji yaliyoharibika, na mtu mwingine angeyamwaga. Epstein alitia tone chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule ni chembe za saratani zenyewe, zimejitenga na nyama nazo zi hai. Wakazikuza, na mwezi wa Februari 1964 wakakiona kirusi ndani yake. Yeye na wenzake, Bert Achong na Bibi Yvonne Barr, walikitangaza mwezi wa Machi mwaka ule, nacho huitwa kirusi cha Epstein na Barr.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia katika taarikhi hii. Katika hospitali iliyokuwa ikiitwa King George VI, ambayo sasa ni Hospitali ya Kenyatta, alikuwako daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Peter Clifford. Yeye aliwatibu watoto wenye uvimbe wa taya, lakini pia aliwaona watu wazima wenye saratani ya mahali palipojificha, pale nyuma ya pua, juu ya koo. Maradhi hayo ni ya hila. Mtu huanza kwa kuziba sikio moja, au kutoka damu puani, au kuona uvimbe shingoni usiouma, na hupita miezi akijidhania ana mafua. Clifford alitambua kwamba nchini Kenya saratani hii yaonekana zaidi kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi, akashuku moshi wa kuni katika nyumba zisizo na madirisha. Yaani ramani yake ilikuwa kinyume cha ramani ya Burkitt: taya katika nchi za chini, pua na koo katika nchi za juu.

Basi mwaka 1966 damu za wagonjwa zilipimwa Marekani, na Clifford alikuwa mmoja wa waandishi wa khabari hiyo. Ikaonekana kwamba damu ya watu wenye saratani ya nyuma ya pua ina alama za kupambana na kirusi kile kile cha uvimbe wa taya. Kirusi kimoja, maradhi mawili, ramani mbili zisizofanana. Maradhi haya ya pua yako kwa wingi zaidi kusini mwa China, na huko nako kirusi ni hicho hicho.

Leo yajulikana kwamba kirusi hicho huambukizwa kwa mate, na kwamba katika nchi zetu karibu kila mtoto huwa amekwisha kukipata akiwa mdogo, wala kisimdhuru. Kwa hiyo kirusi peke yake si sababu ya kutosha. Malaria inayorudi mara kwa mara ndiyo huzichochea zile chembe za ulinzi zizaane kwa fujo, na wakati huo huo huuregeza ulinzi wa mwili. Na katika fujo hiyo chembe moja huharibika ikawa saratani. Katika West Nile ilipimwa damu ya watoto 42,000 kuanzia mwaka 1972, wakafuatwa miaka, na waliokuja kupata uvimbe walikuwa tangu mwanzo na alama nyingi za kirusi kuliko wenzao. Tanzania, upande wa kaskazini wa Mara, watoto walipewa klorokwini kati ya mwaka 1977 na 1982 ili ijulikane kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na watafiti wenyewe waliliandika hilo bila kulificha. Sisi twawaheshimu kwa hilo zaidi kuliko kama wangejisifu.

Kuhusu dawa tutasema kwa ufupi, ingawa kwa mzazi ndilo jambo kubwa. Mulago haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi, na kisu hakifai katika uvimbe ulioko pande nne. Burkitt alilazimika kujaribu dawa za sindano na vidonge, zikiwemo methotreksati na saiklofosfamidi, akishirikiana na Clifford wa Nairobi na madaktari kutoka Marekani. Uvimbe huu hukua kwa haraka kuliko karibu saratani zote, huweza kuzidi maradufu kwa siku mbili; lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa huupata upesi. Watoto walioletwa na nyuso zisizotambulika walirudi majumbani kwao, na wengine hawakurudiwa na maradhi tena, hata waliopewa dawa mara moja au mbili tu. Wakati ule kulikuwa na saratani chache mno duniani zilizopona kwa dawa peke yake. Waliochelewa ndio waliokufa, na wanaochelewa ndio wanaokufa hata sasa.

Mwaka 1966 Burkitt alirejea Uingereza. Huko alishika jambo jingine, nalo ni chakula. Aliuliza kwa nini maradhi ya matumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza hakuyaona Uganda kwa miaka ishirini, akaeneza rai kwamba chakula kilichokobolewa na kusafishwa mno chawadhuru Wazungu, na hata leo watu wengi wamjua kwa hilo kuliko kwa taya za watoto. Mwaka 1972 aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanavyuoni wa London. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Ama yule mtoto wa Makongeni, mwenzetu ametuletea khabari zake. Alilazwa, akatiwa dawa ya mshipani, na katika wiki ya kwanza uvimbe ulishuka hata jicho likarudi mahali pake. Ametakiwa kurudi mara kadhaa kukamilisha dawa, na baba yake ameomba kiwandani ahamishiwe zamu ya usiku, apate kumpeleka mchana.